Taa ya UV Niliyoipima kwa Macho Yangu

Usiku ule niliamka saa nane nikadhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Nikaenda bafuni nikipapasa ukuta, nikanawa, nikanawa tena, mchanga hautoki. Nikifumbua naumia, nikifumba naumia vilevile, na machozi yanatiririka kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Mama watoto akawasha taa, nikapiga kelele azime. Lakini alikuwa ameshaniona. "Baba, mbona uso umeiva hivyo? Ulikuwa juani?"

Sikuwa juani. Nilikuwa sebuleni.

Asubuhi nikashikwa mkono kama kipofu hadi kliniki ya macho. Daktari alinimulika kidogo tu, akauliza, "Unafanya kazi ya kuchomelea vyuma?"

"Hapana dokta, mimi mhasibu."

"Sasa jana uliangalia nini?"

Nikanyamaza, kisha nikasema kwa sauti ya chini, "Taa ya samaki." Akaweka kalamu mezani.

Nilivyofika hapo ni hadithi ya miaka miwili, na karibu kila kosa linaloweza kufanywa na taa ile nimelifanya mimi. Naandika kwa sababu naona watu wengi sasa wanachimba vibwawa uani, wanaweka koi, wale samaki wa mapambo, kisha maji yakigeuka kijani wanaambiwa, "Nunua UV, utasahau." Na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Bwawa langu ni dogo. Urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80, kwa hiyo ni kama lita 4,800. Tulilijenga Mbezi, nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua linaanza kupiga saa mbili asubuhi na haliondoki mpaka jioni. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, ila kosa la saruji halirekebishiki kirahisi. Koi walikuwa kumi na wawili, wadogo kama kidole. Wiki ya kwanza watoto walikaa ukingoni wakiwapa majina. Wiki ya tatu hawakuwa na wa kumwita, maana hawakumwona hata mmoja. Maji yalikuwa kama mchuzi wa kisamvu.

Nilifanya anachofanya kila mtu, nikamwaga maji nusu nikajaza mapya ya kisima. Siku tano, kijani. Nikamwaga tena. Siku nne. Nikanunua sponji nzito zaidi ya chujio, na maji yalipita humo yakatoka na rangi ileile. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ule ukijani si uchafu unaoelea. Ni mwani, viumbe vya seli moja moja, vidogo kiasi kwamba matundu ya sponji kwao ni kama geti la uwanja wa mpira. Vinakula mbolea, na mbolea niliitia mimi mwenyewe. Chakula cha samaki nilikitupa kwa kiganja, mara tatu kwa siku, na kila mgeni aliyekuja nyumbani alipewa kiganja chake atupe. Kinacholiwa kinatoka kama kinyesi na amonia, kisicholiwa kinaoza chini. Ukiongeza jua la Dar es Salaam juu ya hayo, umelima.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua taa. Wati 9, imo ndani ya bomba jeusi la plastiki, maji yanaingia huku yanatoka kule. Muuzaji akaniambia wiki moja tu. Nikaiunga na pampu yangu, ambayo boksi lake lilijigamba lita 6,000 kwa saa, nikawasha, nikaona mwanga wa buluu kwenye kitundu cha kuchungulia, nikaenda kulala kwa raha. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Maji kijani.

Jirani yangu wa mtaa wa pili ni mzee wa Kigoma. Ujana wake wote alikuwa akizamia Ziwa Tanganyika kukamata wale samaki wa rangi wa mawemawe wanaosafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na mpaka leo ana matangi sebuleni kwake kuliko viti. Nikamwendea na malalamiko yangu.

"Mwanangu, taa yako wati ngapi?"

"Tisa, mzee wangu."

"Na maji yanapita lita ngapi kwa saa?"

"Elfu sita."

"Hizo za boksi au umepima?"

Sikuwa nimepima. Akanituma nikachukue ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 15. Mhasibu nikapiga hesabu: lita 4,800 kwa saa, yaani bwawa zima linapita mbele ya taa kila baada ya saa moja. Nikafurahi, nikamwambia, si ndiyo vizuri, yanapita mara ishirini na nne kwa siku?

Mzee akacheka. "Umewahi kuona dagaa wanaanikwa kule kwetu? Mtu anamwaga dagaa kwenye mchanga asubuhi, anawageuza, mpaka jioni wamekauka. Sasa wewe chukua sahani ya dagaa, pita nayo juani mbio, ingia ndani. Toka tena mbio, ingia. Mara ishirini na nne. Watakauka?"

Hapo ndipo taa ilipoanza kuniingia akilini. Mionzi ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV, iko ya aina kadhaa, na hii ya kuulia, ile inayoitwa UV-C, ina urefu wa wimbi wa kama nanomita 254. Inavuruga vinasaba ndani ya seli: herufi mbili zilizo jirani zinagandamana, na seli inashindwa kujinakili. Lakini inahitaji dozi, na dozi ni nguvu ya mionzi mara muda. Seli ikipita haraka inapata mkwaruzo tu, inaponea. Mwani unakufa kwa dozi ya wastani. Vimelea vya samaki ni vigumu zaidi, vinataka dozi kubwa mara kadhaa. Ndiyo maana taa ileile mtu mmoja ataiita ya kusafisha maji na mwingine ataiita ya kuua vijidudu. Tofauti ni wati na mwendo wa maji.

Kuna jambo lililonichekesha hapo. Jua ndilo linalolisha mwani wangu, na jua hilohilo linatoa UV-C tele. Ila hewa ya juu, tabaka la ozoni, inaimeza yote kabla haijatugusa. Kinachotufikia ni aina nyingine, nyepesi zaidi, ambayo nayo ina kazi yake: kuna watu wanajaza maji kwenye chupa safi za plastiki na kuzilaza juu ya bati saa sita za jua kali ili vijidudu vife. Lakini hiyo UV-C, ukiitaka, huna budi kuitengeneza ndani ya taa.

Nikabadilisha. Nilinunua taa ya wati 18, na fundi bomba akaniwekea tii na geti valvu, ili sehemu ya maji ipite kwenye taa taratibu na sehemu kubwa iende moja kwa moja kwenye chujio. Tukacheza na valvu mpaka ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 36, yaani lita 2,000 kwa saa. Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu kijani kikaanza kupauka, kama chai ya rangi iliyotiwa tone la maziwa. Alfajiri ya siku ya nne nilitoka nikakuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema.

Hilo hakuna aliyeniambia. Mwani unapokufa kwa wingi unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Mchana, mwani hai ulikuwa unawapa samaki hewa. Sasa haupo, na maiti zake zinachukua hata ile iliyobaki. Wawili walikuwa wameshageuka tumbo juu. Nilikimbia na jagi nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, huku mama watoto amesimama mlangoni na kanga yake anauliza kama ninaswali. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshanunua pampu ya hewa na mawe yake ya kutoa mapovu. Leo mtu akiniambia anaweka UV kwenye bwawa lililoiva kijani, namwambia aanze na pampu ya hewa ndipo aje kwenye taa. Na asafishe sponji kila siku wiki hiyo, maana mwani uliokufa unagandamana na kuziba chujio kama uji. Sponji aisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yatamuulia bakteria wema wanaokaa humo na kugeuza amonia.

Watu huniuliza pia, je, taa haiwaui hao bakteria wema? Haiwaui, kwa sababu hawatembei. Wameshikamana na sponji, na mawe, na kuta. Taa haimfuati mtu nyumbani kwake, inamngoja apite. Kwa maana hiyohiyo haigusi utelezi ulio ukutani, wala mwani wa nyuzi unaoota kwenye mawe kama ndevu, wala amonia.

Siku ya saba tukaona sakafu. Watoto walilala kifudifudi ukingoni kama wako dirishani kwenye ndege. Chini kulikuwa na kandambili moja ya mtoto, vijiko viwili, na ufunguo wa kofuli la geti ambao kwa ajili yake nilikuwa nimemgombeza dada wa kazi miezi miwili nyuma. Nikamwomba radhi. Akasema, "Sawa baba," kwa namna ya mtu ambaye hajasamehe.

Raha hiyo ilidumu siku tisa. Siku ya kumi, saa kumi na mbili asubuhi, korongo wa kijivu alikuwa amesimama ukingoni, mguu mmoja juu, anachagua. Maji yalipokuwa kijani koi walikuwa wamefichwa. Mimi ndiye niliyewafungulia pazia. Alikula watatu kabla sijafunga wavu. Na kwa kuwa mwanga sasa unafika chini, ule mwani wa nyuzi nao ukaanza kustawi kwenye mawe. Kutatua hilo nilipanda mayungiyungi, yakafunika karibu nusu ya uso wa maji, na kusema kweli mayungiyungi yalifanya kazi ambayo taa isingeweza kuifanya: yalikula mbolea na kuzuia jua. Ningeyapanda mwanzo kabisa, pengine hata taa nisingeinunua. Lakini ndiyo hivyo, mtu akitaka dawa ya haraka atalipia na ya polepole pia.

Habari ya umeme nitaisema kwa kifupi, maana ndiyo ilileta mkutano wa familia. Taa ya wati 18 ikiwaka saa 24 inakula uniti 13 kwa mwezi. Mama watoto alikuwa na hakika kwamba taa ndiyo inamaliza LUKU. Nilimwonyesha hesabu: pampu ya wati 85 peke yake inakula uniti 61. Nadhani hiyo hesabu haikunisaidia kama nilivyotegemea.

Tena taa na pampu ziwe kwenye swichi moja. Mara moja pampu yangu ilinasa jani ikasimama, taa ikaendelea kuwaka kwenye maji yaliyotulia. Nilipogusa bomba lilikuwa na joto kama kikombe cha chai, na plastiki imeanza kupinda. Na kabla ya kutia mkono kwenye maji, chomoa plagi. Waya uachie ulegee chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisifuate waya hadi kwenye umeme. Fundi umeme aliniwekea pia kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, na hiyo ndiyo fedha pekee katika mradi huu ambayo sijawahi kuinung'unikia.

Tangi la sebuleni lina hadithi yake, nayo inauma zaidi. Ni lita 300. Mzee alikuwa amenigawia samaki wa Tanganyika kumi na wanne, wenye mistari, watulivu, wanaolinda watoto wao kwenye maganda ya konokono. Nikafanya ujinga wa kuongeza samaki wawili wa dukani bila kuwatenga kwanza. Siku nne baadaye samaki walikuwa na madoa meupe, kama waliopakwa chumvi, wanajikuna kwenye mawe. Nikasema, mimi nina taa! Nikanunua nyingine ndogo, nikaifunga kwenye tangi, na kwa uhakika zaidi nikatia na dawa ya madoa meupe, ile ya kijani kibichi. Taa na dawa pamoja, nani atapona?

Walikufa watano.

Mzee alikuja, akatazama tangi, akatazama taa inayowaka, akatikisa kichwa. "Dawa yako umeiua mwenyewe, mwanangu." Mionzi ile inavunja dawa nyingi za samaki kama inavyovunja seli. Nilikuwa natia dawa asubuhi na kuiunguza kutwa nzima. Mtu akitibu maji, taa izimwe mpaka dozi iishe.

Kisha akanichorea kwenye karatasi maisha ya kimelea kile. Yale madoa unayoyaona kwenye samaki ni mdudu aliyekwisha kujichimbia chini ya ngozi. Hapo taa haimfikii, na hata dawa haimfikii. Akishiba anadondoka chini, anajifunika kwa gamba, anajigawanya mara nyingi, na wanatoka mamia ya wadogo wanaoogelea kutafuta samaki. Hao waogeleaji ndio pekee wanaoweza kupita kwenye taa, na wana muda mfupi, siku moja au mbili, wasipopata samaki wanakufa. Lakini kwenye tangi la lita 300, mdogo aliyezaliwa sakafuni na samaki aliyelala sakafuni wako kiasi gani mbali? Shubiri moja. Kabla maji hayajamfikisha kwenye pampu ameshapata mwenyeji. Taa inaweza kupunguza idadi yao, na hasa inaweza kuzuia ugonjwa usihame kutoka tangi moja kwenda jingine pale maji yanapozunguka kwenye mfumo mmoja. Kumponya samaki aliyekwisha kuugua haiwezi. Nilichokosa mimi kilikuwa beseni la kumtenga mgeni wiki nne, na beseni halina plagi.

Tuje sasa kwenye ile siku ya macho.

Ndani ya bomba, taa haigusani na maji. Imevikwa mrija wa kioo cha kwatsi. Maji ya kisima changu ni mazito, birika letu linajenga ukoko mweupe kila mwezi, na mrija ule ulifanya vivyo hivyo bila mimi kujua. Mwezi wa tano maji yakaanza kurudi kijani. Taa inawaka, kitundu kina buluu yake, kila kitu kizuri. Nilipofungua, mrija ulikuwa mweupe kama ganda la yai. Mionzi ilikuwa inaishia hapo. Ulisafishika kwa kulowekwa kwenye siki na kufutwa kwa kitambaa laini. Limau pia linafaa. Msasa hapana. Lakini wakati wa kuurudisha ukaniponyoka, ukavunjika.

Fundi mmoja wa vioo akaniambia hana haja ya kunituma mbali, ana mrija wa kioo wa kipenyo hichohicho. Aliukata, akauziba ncha, ukaingia kama umezaliwa nao. Kwa macho ni kitu kilekile, hata ningeapa ni safi zaidi. Wiki mbili, mchuzi wa kisamvu. Kioo cha kawaida hakipitishi UV-C, kwatsi ndiyo inayopitisha. Mwanga wa buluu ulikuwa unatoka, mionzi yenyewe ilikuwa inabaki ndani pamoja na taa. Ile buluu tunayoiona siyo inayofanya kazi. Inayofanya kazi haionekani.

Na hilo ndilo lililoniponza. Nilipata mrija halisi, maji yakakaa sawa, miezi ikapita. Taa hizi zinaelezwa kuwa ni za saa 8,000 hadi 9,000, na saa 9,000 ukizigawa kwa 24 ni siku 375. Mwaka mmoja na siku kumi. Baada ya hapo balbu inaendelea kuwaka vizuri tu, ila mionzi imeshuka. Nikanunua balbu mpya kwa bei nzuri mno. Nikaifunga, wiki tatu baadaye kijani kikarejea. Nikashuku. Nikanunua ya tatu, duka jingine, ghali mara tatu. Jioni ile, saa kumi, nikakaa sebuleni na balbu zote mbili mpya, nikazichomeka nje ya bomba, moja huku moja kule, nikainama juu yake kulinganisha buluu ipi imekolea. Dakika kama kumi. Nikaona ile ya bei rahisi ndiyo imekolea zaidi, nikajilaumu kwa kutupa hela.

Saa nane usiku nikaamka na mchanga machoni.

Daktari alinieleza kwamba ngozi nyembamba ya mbele ya jicho imeungua, kama inavyoungua kwa mchomeleaji asiyevaa kinga, na kwamba maumivu huja saa kadhaa baadaye ndiyo maana mtu hashtuki mapema. Alinipa matone na dawa ya maumivu, nikakaa chumba cha giza siku mbili. Yaliisha. Ngozi ya uso ilibanduka kama ya mtu aliyetoka baharini. Nilishukuru tu kwamba watoto walikuwa shule. Ningekuwa nao pale mezani, wangeinama pamoja nami, kwa sababu buluu ile inapendeza.

Mzee alikuja kunijulia hali. Niliomba aletewe zile balbu mbili, akazishika zikiwa zimezimwa, akazigeuza dirishani. Ile ghali ilikuwa na kioo kisafi, unaona mpaka nyuzi zilizo ncha zote mbili. Ile rahisi kioo chake kilikuwa na vumbi jeupe kwa ndani, kama tyubu ya kawaida ya darini. Vumbi hilo kazi yake ni kugeuza mionzi kuwa mwanga wa kuonekana. Balbu ya UV-C haina vumbi.

"Hii nyeupe ni taa ya disko," akasema. "Hii nyingine ndiyo iliyokuunguza, kwa hiyo ni nzima. Ifunge."

Tangu hapo naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya bomba, kila balbu na siku yake. Kila miezi mitatu nafungua na kusafisha kwatsi, plagi ikiwa mkononi mwangu, naiona kwa macho. Balbu iliyokufa siitupi kwenye kapu la jikoni kwa sababu ina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika nafungua madirisha, natoa watu, naokota kwa karatasi ngumu na glavu bila kufagia. Bomba jipya nililonunua lina swichi ndani inayozima taa ukilifungua tu. Ghali, ndiyo.

Mwaka jana mjomba wangu wa Morogoro alikuja Dar kwa mambo ya hospitali, akalala kwangu. Ana mabwawa matatu ya perege. Vifaranga alianza kuvichukua kituo cha Kingolwira. Alikaa ukingoni mwa bwawa langu jioni nzima akiangalia koi wanavyopita juu ya mawe, akasema, "Mjomba, na mimi nataka maji kama haya." Nilikuwa na taa ile ya kwanza ya wati 9, iko kabatini haina kazi. Nikasema nitampelekea mwenyewe.

Nilifika kwake Jumamosi. Bwawa la kwanza lilikuwa kijani kama bamia, na pembeni gunia la samadi ya kuku limefungwa kamba likielea nusu. Nikaanza kumweleza habari ya sekunde na ndoo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akakunja shati, akapiga goti, akazamisha mkono taratibu mpaka maji yakafika kwenye kiwiko.

"Unakiona kiganja changu?"

"Sikioni."

"Kikipotea kwenye kifundo, nasimamisha samadi, hewa itaisha usiku. Kikionekana mpaka kiwiko kimezama, naongeza. Leo kimepotea palepale kwenye kiwiko." Akautoa mkono, unadondosha kijani. "Hiki ndicho wanachokula, mjomba. Wewe unataka nikiue ili nikanunue pumba?"

Nilimuuliza kwa nini basi alisema anataka maji kama yangu.

"Nilikuwa mgeni kwako. Ningesemaje?"

Tukala perege wa kukaanga na ugali, na taa nikarudi nayo.